Ligi Zinagombea Klabu, Wazazi Wanalipa Nauli

Katika majiji mengi makubwa ya Marekani zipo timu mbili za wasichana wa miaka 14 zinazofanya mazoezi umbali usiozidi nusu saa kwa gari. Zote zina makocha wenye leseni, zote zina mabinti wanaoota kuvaa jezi ya taifa, na wengine kati ya mabinti hao wanasoma darasa moja. Hata hivyo msimu mzima unaweza kwisha timu hizo hazijakutana kwenye mechi ya ligi hata mara moja. Moja iko kwenye Elite Clubs National League, yaani ECNL, na nyingine iko Girls Academy, au GA kwa kifupi. Kila moja hupanda basi au ndege kwenda kutafuta mpinzani wa kiwango chake katika jimbo lingine, ilhali mpinzani wa kiwango hicho hicho amebaki nyumbani, mtaa wa pili. Nauli, hoteli na chakula cha safari hiyo hulipwa na mzazi.

Malalamiko ya wazazi wa soka la wasichana nchini humo husikika kama lundo la kero zisizohusiana. Ada imepanda, kocha amehama, binti hapangwi, majaribio yamewekwa wiki ya mitihani, hoteli ya mashindano ni ghali. Ukizifuatilia moja moja, nyingi hukutana mahali pamoja. Ligi za juu za vijana zinashindana kweli, lakini si kwa kuzikutanisha timu zao uwanjani. Zinagombea klabu. Klabu nazo zinagombea watoto, kwa sababu mtoto ndiye anayekuja na ada. Juu yao hakuna mwenye kauli ya kusema nani yuko daraja la kwanza na nani la pili, na gharama ya kukosekana kwa kauli hiyo huangukia familia.

Chanzo cha yote ni sheria njema. Mwaka 1972 Bunge la Marekani lilipitisha kifungu kinachojulikana kama Title IX, kinachokataza ubaguzi wa kijinsia katika taasisi za elimu zinazopokea fedha za serikali kuu. Vyuo vikuu vyenye timu kubwa za futiboli ya Kimarekani, mchezo unaobeba wanaume wengi kuliko mwingine wowote vyuoni, vilihitaji michezo ya wanawake yenye vikosi vipana ili kusawazisha hesabu, na soka lilifaa. Mwaka 1982 NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo, kiliandaa ubingwa wake wa kwanza wa soka la wanawake, na Chuo Kikuu cha North Carolina kikautwaa chini ya kocha Anson Dorrance. Dorrance alistaafu mwaka 2024 akiwa na mataji 21 ya NCAA, na katikati ya kazi hiyo aliipa Marekani Kombe la Dunia la kwanza la wanawake, mwaka 1991. Leo karibu vyuo 350 vina timu za wanawake katika daraja la kwanza la NCAA. Ni vigumu kuitaja nchi nyingine ambako wasichana wengi namna hiyo wanaweza kusomeshwa chuo kikuu kwa kucheza mpira.

Ahadi hiyo ndiyo iliyojenga soko. Zamani mtoto wa Kimarekani alianzia kwenye mipira ya mtaani inayoendeshwa na wazazi wa kujitolea, kama ile ya AYSO iliyoanzishwa Torrance, California, mwaka 1964 kwa msimamo kwamba kila mtoto lazima aingie uwanjani. Kocha alikuwa baba wa mmoja wao. Ufadhili wa vyuo ulipoongezeka, wazazi walianza kuuliza swali ambalo kocha wa kujitolea hakuwa na jibu lake: binti yangu ataonwa na nani? Klabu zilizokuwa na jibu ziliajiri makocha wa mshahara na kuanza kutoza ada.

Mwaka 2009 klabu 40 za wasichana ziliungana na kuunda ECNL. Hoja yao ilikuwa na uzito. Shirikisho la soka la Marekani lilikuwa limeanzisha mwaka 2007 mfumo wake maalumu wa kukuza vipaji, Development Academy, lakini kwa wavulana peke yao. Wasichana waliachwa na mashindano ya majimbo ambayo timu bora zilishinda mabao nane kwa bila bila kujifunza lolote. ECNL ilizikusanya klabu imara, ikapanga mechi zao zikutane mahali pamoja, na makocha wa vyuo wakaja na viti vyao vya kukunja na madaftari yao, wakakaa kando ya uwanja kutoka asubuhi hadi jioni. Kwa kocha wa chuo mwenye bajeti ndogo ya safari, kuona timu kumi nzuri kwa siku moja ni neema. Kwa miaka kadhaa ngazi ya juu ya soka la wasichana ilikuwa na mlango mmoja unaojulikana.

Kisha shirikisho likaamua kuingia. Mwaka 2016 lilitangaza Development Academy ya wasichana, nayo ikaanza msimu wa vuli wa 2017. Masharti yalikuwa makali: mazoezi mara nne kwa wiki, msimu wa miezi kumi, mabadiliko machache ya wachezaji ndani ya mechi, na mchezaji hakuruhusiwa kwa kawaida kuchezea timu ya shule kwa wakati huo huo. Kwa mtazamo wa kiufundi kulikuwa na mantiki, kwa sababu mchezaji asiyeweza kutoka na kurudi hujifunza kugawa pumzi yake kwa dakika tisini. Lakini msichana wa Kimarekani anapenda timu ya shule yake. Hapo ndipo marafiki zake wanapomwona akicheza, hapo ndipo jina lake hutajwa kwenye gazeti la mji, na hapo babu na bibi huweza kuja bila kukata tiketi ya ndege. ECNL iliendelea kuruhusu soka la shule. Klabu zilijikuta zikichagua upande, nyingine zikigawa timu zao pande zote mbili, na wapo mabinti waliohama klabu ili kufuata ligi wakati wenzao walihama ili kuikimbia. Baadhi ya klabu zilizojiunga na mfumo wa shirikisho zilirudi ECNL hata kabla ya miaka mitatu.

Tarehe 15 Aprili 2020, mwezi mmoja baada ya janga la korona kufunga viwanja, shirikisho lilitangaza kuufunga mfumo wake wote, wa wavulana na wa wasichana, likitaja hali ya fedha. Familia zilizoambiwa miaka mitatu nyuma kwamba hiyo ndiyo njia rasmi ya kuelekea timu ya taifa ziliamka na kukuta njia haipo. Sehemu ya klabu zilizobaki bila ligi zilikaribishwa ECNL. Nyingine zilianzisha Girls Academy mwaka huo huo, na Lesle Gallimore, aliyekuwa kocha wa wanawake Chuo Kikuu cha Washington, akawa kamishna wake. Kutoka hapo mgawanyiko ukawa wa kudumu: ECNL upande mmoja, GA upande wa pili, na chini yao ligi za daraja la pili za kila kambi, pamoja na ligi za kitaifa za US Youth Soccer na US Club Soccer. Mzazi mgeni anayeuliza tu binti yake acheze wapi hupewa herufi nyingi kuliko majibu.

Kwa nini shirikisho haliamui? Sheria ya michezo ya Marekani, iliyotokana na ile ya mwaka 1978 ambayo leo hubeba jina la Seneta Ted Stevens, hulipatia shirikisho moja hadhi ya kusimamia mchezo, lakini serikali haina wizara ya michezo na haichangii mfuko wa kuendesha soka la watoto. Shirikisho limetambua vyama vinne vya vijana kama wanachama wake: US Youth Soccer, US Club Soccer, AYSO na SAY. Vyama hivyo hushindana kusajili watoto wale wale, na ligi hukaa chini ya kivuli cha vyama hivyo au pembeni yake. Shirikisho lilipojaribu kuendesha ligi lenyewe likawa mshindani mwingine sokoni, likashindwa, likaondoka. Uzoefu huo umeliacha na woga wa kuingilia.

Jambo ambalo msomaji wa soka la Afrika Mashariki au la Ulaya atalishangaa zaidi ni hili: katika ligi hizi hakuna kupanda wala kushuka daraja kwa matokeo. Nafasi hutolewa kwa klabu, na ligi ndiyo inayochagua. Timu ya wasichana wa miaka 13 inaweza kuwafunga mabingwa wa ECNL wa mji wake katika mashindano ya wazi, lakini kama klabu yao haina nembo ya ligi, haiendi popote. Kinachofuata hujulikana kwa kila aliyeishi kwenye mchezo huu. Majira ya majaribio yanapofika, klabu yenye nembo huwapigia simu wachezaji watatu bora wa timu hiyo. Wazazi wao, wenye akili timamu na nia njema, wanakubali. Waliobaki hawana timu tena, hivyo nao wanatafuta pa kwenda, na kocha aliyewalea tangu wakiwa na miaka minane anabaki na mipira na koni. Kila mzazi amefanya uamuzi sahihi kwa mtoto wake, na matokeo ya maamuzi hayo yote kwa pamoja ni mabaya kwa karibu kila mtoto.

Ndiyo maana lawama kwamba wazazi wana tamaa hazitoshi. Wapo wenye tamaa, na sauti zao husikika pembeni ya uwanja kuliko za wengine. Lakini mzazi anayehamisha mtoto kwa sababu ya nembo anafuata taarifa pekee aliyopewa. Hakuna jedwali moja la kulinganisha timu za kambi mbili ambazo hazichezi pamoja. Kuna tovuti za kupanga ubora kwa hesabu za kompyuta, kuna orodha za wachezaji bora zinazotolewa na vyombo vya biashara, na kuna uvumi. Mahali ambapo uwanja haukuachiwa useme, matangazo husema.

Majaribio yenyewe yana kero zake. Katika majimbo mengi hufanyika majira ya kuchipua, klabu zote kwa wiki chache zinazobanana, na mara nyingi kikosi kimeshapangwa kabla mtoto hajafunga kamba za viatu. Barua ya kukubaliwa huja na muda mfupi wa kujibu, mara nyingi siku moja au mbili, pamoja na malipo ya awali yasiyorudishwa. Ukikubali, umefungwa na ada ya mwaka mzima, na mikataba mingi haimwachii mzazi hata kama binti ataumia goti mwezi wa pili. Ukingoja jibu la klabu unayoitaka zaidi, unaweza kukosa zote mbili. Hiyo ni mbinu ya kibiashara inayojulikana vema, inayomnyima mnunuzi nafasi ya kulinganisha, na inatumiwa juu ya familia zenye watoto wa miaka kumi na moja.

Mara nyingi ahadi iliyotolewa Mei hubadilika kufikia Septemba. Klabu kubwa huwa na timu ya kwanza yenye nembo ya juu, ya pili kwenye ligi ya chini ya kambi ile ile, pengine ya tatu na ya nne. Ada za timu hizo za chini hazipishani sana na za timu ya kwanza, na kwa klabu nyingi ndizo zinazolipa mishahara. Mzazi wa timu ya tatu analipia jina lililoko kifuani mwa jezi, huku binti yake akifundishwa na kocha chipukizi anayeshika timu tatu kwa jioni moja. Majina yenyewe yamekuwa bidhaa. Rush iliyozaliwa Colorado na Surf iliyozaliwa San Diego leo hubandikwa kwenye klabu za majimbo mengi, na klabu ya mji mdogo iliyokuwa na jina la mji wake inaamka na jina la ufuo wa bahari ulio umbali wa maelfu ya kilomita.

Gharama ni kubwa. Taasisi ya Aspen, ambayo hufuatilia michezo ya watoto kupitia mradi wake wa Project Play, ilikuta mwaka 2024 kwamba familia ya wastani ilitumia dola 1,016 kwa mchezo mkuu wa mtoto mmoja, ongezeko la asilimia 46 tangu 2019. Huo ni wastani unaojumuisha mtoto wa mpira wa kikapu wa kanisani na mtoto wa klabu ya kifahari. Katika ligi za kitaifa za wasichana, ada ya klabu peke yake huwa ni maelfu ya dola, na safari zinaweza kuizidi ada. Mashindano mengi huweka sharti kwamba timu ilale katika hoteli zilizoteuliwa na waandaaji. Mzazi mwenye shangazi katika mji huo haruhusiwi kumpeleka binti kulala kwa shangazi bila timu kuhatarisha nafasi yake, hata kama chumba cha hoteli kinauzwa nafuu zaidi kwenye simu yake mwenyewe. Juu ya hapo kuna kamera ya kurekodi mechi, kocha binafsi wa Jumanne, na mshauri wa kutafuta chuo.

Na chuo? Hapa hesabu inapaswa kufanywa polepole, kwa sababu ndiyo inayobeba biashara nzima. Wasichana zaidi ya 370,000 huchezea timu za shule za sekondari nchini Marekani. Kwa hesabu za NCAA yenyewe, wawili au watatu tu kati ya kila mia hufika daraja la kwanza. Hadi hivi karibuni kila chuo cha daraja hilo kiliruhusiwa kutoa ufadhili kamili 14, na kocha aliugawa kwa wachezaji 28 au 30, hivyo wengi walipata nusu au robo. Mwezi Juni 2025 Jaji Claudia Wilken aliidhinisha makubaliano ya kesi ya House dhidi ya NCAA, yaliyoondoa kikomo cha ufadhili kwa vyuo vilivyojiunga nayo lakini yakaweka kikomo cha wachezaji 28 kwa timu ya soka. Vyuo vikubwa vilivyozoea kubeba zaidi ya 30 vimelazimika kupunguza. Wakati huo huo makocha wamezoea kuchukua wachezaji waliokomaa wanaohama kutoka vyuo vingine, na mabinti kutoka Ulaya na kwingineko walioshachezea timu za taifa za vijana. Piga 28 mara 350, ugawanye kwa miaka minne au mitano ya masomo, uondoe wanaohama na wageni. Kinachobaki kwa mhitimu wa sekondari ni nafasi zisizozidi elfu mbili hivi kwa mwaka kwa nchi nzima. Familia nyingi, kama zingeweka akiba ada na nauli za miaka minane, zingekuwa na fedha zaidi mkononi kuliko ufadhili ambao binti atapewa.

Kosa moja la zamani lilirekebishwa. Kabla ya 2019 makocha wa vyuo walikuwa wakiafikiana kwa mdomo na wasichana wa darasa la nane na la tisa, watoto wa miaka 13 na 14 wakitangaza chuo watakachosoma baada ya miaka minne. Tangu mwaka huo NCAA imezuia mawasiliano hadi tarehe 15 Juni baada ya mwaka wa pili wa sekondari. Mzigo umepungua, lakini tarehe yenyewe imegeuka mbio za aina yake, na mwaka unaoitangulia ndio ambao wazazi huogopa zaidi kuhama, kulalamika au kupumzisha mtoto aliyeumia.

Upande wa pili, njia ya soka la kulipwa imeanza kuwafikia watoto. Olivia Moultrie alipokuwa na miaka 15 aliishtaki ligi ya wanawake ya NWSL kwa kumzuia kusajiliwa kabla ya miaka 18, akapata amri ya mahakama, na katikati ya 2021 akasaini Portland Thorns. Ligi ikaweka utaratibu wa kuwasajili walio chini ya miaka 18, na mwaka 2024 ikafuta kabisa mfumo wa kugawana wahitimu wa vyuo. Kwa wachache wenye kipaji cha ajabu huo ni uhuru wa haki. Kwa maelfu wengine umeongeza swali jingine kwenye meza ya chakula cha jioni, nalo limeshushwa hadi umri wa miaka 12.

Inakuwaje wazazi wanaolipa kiasi hicho wasiseme? Klabu nyingi zina kanuni ya saa 24: mzazi haruhusiwi kumkabili kocha kuhusu mechi mpaka siku nzima ipite. Kwa ugomvi wa joto la mchezo ni kanuni ya busara. Lakini ukimya wa wazazi unakwenda mbali kuliko saa 24, kwa kuwa kocha ndiye anayepanga dakika za kucheza na ndiye atakayepigiwa simu na kocha wa chuo. Mzazi humeza neno lake kwa sababu anajua bei yake italipwa na mtoto, kwenye benchi.

Ukimya huo una upande wa giza. Mwezi Oktoba 2022, Sally Yates, aliyewahi kuwa Kaimu Mwanasheria Mkuu wa Marekani, alitoa ripoti kuhusu unyanyasaji katika soka la kulipwa la wanawake. Ripoti hiyo ilieleza wazi kwamba mizizi ya tatizo iko kwenye soka la vijana, ambako matusi ya kocha huchukuliwa kuwa ukali wa kawaida na mipaka kati ya kocha na mchezaji hufifia. Wachezaji watu wazima hawakulalamika kwa sababu walikuwa wamefundishwa tangu utotoni kwamba hivyo ndivyo makocha walivyo. Mfumo unaompa mtu mmoja mamlaka juu ya ndoto ya mtoto, huku ukimfanya mzazi aogope kuuliza, unapaswa kuchunguzwa kwa sababu hiyo peke yake hata kama ungekuwa wa bure.

Mwili nao unadai. Wasichana hukatika kano ya mbele ya ndani ya goti mara nyingi zaidi kuliko wavulana wa umri wao katika mchezo huo huo, na kipindi cha hatari zaidi ni miaka ya kubalehe, ambayo ndiyo miaka ya majaribio na mashindano mazito. Mashindano ya maonyesho, yale yanayohudhuriwa na makocha wa vyuo, huhitaji mechi tatu kwa siku tatu. Kurudi uwanjani baada ya upasuaji huchukua miezi tisa au zaidi. Ipo mipango ya mazoezi ya kuimarisha misuli na kutua vizuri, ya robo saa tu kabla ya mazoezi, ambayo tafiti zimeonyesha hupunguza majeraha. Ni ya bure. Klabu zinazoifuata kwa nidhamu ni chache kuliko inavyopaswa, na mzazi anayepitia orodha ya anacholipia ana haki ya kuuliza kwa nini hiyo haimo.

Kuna sababu nyingine, ya kimataifa, inayofanya klabu ziegemee mfuko wa mzazi. Katika soka la wanaume, kanuni za FIFA huitaka klabu inayomsajili mchezaji kijana kuzilipa fidia klabu zilizomlea. Marekani iliikwepa kanuni hiyo kwa miaka mingi. Klabu ya Crossfire ya jimbo la Washington ilihangaika muda mrefu kudai sehemu yake ya uhamisho wa beki DeAndre Yedlin kwenda Tottenham. Kwa wanawake fidia ya malezi ya mkataba wa kwanza haipo. Klabu ikimlea bingwa wa Olimpiki tangu akiwa na miaka tisa, haipati senti anaposaini mkataba wake wa kwanza. Mlango pekee wa mapato uliobaki ni ada, na anayeweza kulipa ada ndiye anayelelewa.

Wasioweza wanajulikana. Hope Solo, golikipa bingwa wa dunia wa 2015, alisema hadharani mwaka 2018 kwamba familia yake isingemudu kumpeleka kwenye soka la leo. Megan Rapinoe alikulia Redding, kaskazini mwa California, na wazazi wake waliendesha gari zaidi ya saa mbili kumpeleka yeye na pacha wake kwenye klabu ya Elk Grove. Walikuwa na gari, na walikuwa na siku za mapumziko. Familia za wakimbizi kutoka Kongo na Burundi zilizohamishiwa Marekani, wengi wao wasemaji wa Kiswahili, mara nyingi hazina kimoja wala kingine, kwani mama yuko zamu ya usiku na baba ana kazi mbili. Kwao mlango uliobaki wazi ni timu ya shule. Lewiston, mji wa jimbo la Maine, ulionyesha mwaka 2015 kile ambacho mlango huo unaweza kuzaa: timu ya wavulana ya sekondari iliyojaa vijana wa Kisomali, wengi wao waliopitia kambi za wakimbizi za Kenya, ilitwaa ubingwa wa jimbo. Ni kwa sababu hiyo kanuni ya Development Academy ya kuwazuia wasichana kucheza shuleni ilikuwa kosa kubwa kuliko walioitunga walivyodhani. Iliondoa wachezaji bora kutoka mahali pekee ambapo binti wa tajiri na binti wa mkimbizi wangeweza kupigiana pasi.

Wanaoziongoza ligi hizi wana utetezi unaostahili kusikilizwa. Christian Lavers, rais wa ECNL, na wenzake wamesisitiza kwa miaka kwamba ushindani kati ya ligi huziamsha zote, na kwamba klabu zinajua mahitaji ya wachezaji wao kuliko ofisi ya shirikisho. Matokeo yapo pia. Bao lililoipa Marekani dhahabu ya Olimpiki Paris mwaka 2024 dhidi ya Brazil lilifungwa na Mallory Swanson, aliyelelewa Real Colorado, klabu ile ile iliyomlea Sophia Smith. Trinity Rodman, mshambuliaji wa tatu wa kikosi hicho, alitoka So Cal Blues ya California. Klabu hizo zinajua kazi yao. Lakini vipaji vya aina hiyo vingeonekana hata kwenye uwanja wa vumbi, na mfumo wa watoto haupimwi kwa watatu waliofika Paris pekee. Norway, nchi yenye watu wachache kuliko jiji la New York, iliweka kanuni kwamba matokeo na misimamo ya ligi isitangazwe kabla ya umri wa miaka 11, na watoto wasiende kwenye ubingwa wa kitaifa kabla ya 13. Haikukosa wachezaji: Ada Hegerberg, mshindi wa kwanza wa Ballon d'Or ya wanawake mwaka 2018, ni wa huko.

Marekani si Norway na haitakuwa. Lakini kitu kimoja kilichotokea hivi karibuni kinaonyesha kwamba vyama vya vijana vinaweza kukubaliana vikitaka. Mwaka 2015 shirikisho liliagiza watoto wapangwe kwa mwaka wa kalenda, Januari hadi Desemba, badala ya mwaka wa shule. Mabinti waliozaliwa kati ya vuli na Desemba wakajikuta kwenye timu zenye wenzao wa darasa la juu. Wenzao walipoingia sekondari na timu ikasimama kupisha msimu wa shule, wao waliobaki darasa la nane hawakuwa na timu kwa miezi mitatu. Miaka baadaye wenzao walikwenda chuo, nao wakabaki mwaka wa mwisho wa sekondari bila kikosi. Wazazi walilalamika karibu muongo mzima. Mwaka 2025 AYSO, US Club Soccer na US Youth Soccer zilitangaza kwa pamoja kwamba kuanzia msimu wa 2026/27 umri utahesabiwa kwa mwaka wa shule, Agosti hadi Julai.

Mabadiliko hayo yatavunja timu nyingi kwa mara nyingine, na klabu zitafanya majaribio mapya na kutoza malipo mapya ya awali. Hata hivyo walioshindana kwa miaka mingi walikaa meza moja na kukubaliana tarehe. Kwa njia hiyo hiyo wangeweza kukubaliana siku moja ya pamoja ambayo kabla yake hakuna klabu inayoruhusiwa kudai jibu la mzazi. Wangeweza kuiachia hoteli iwe hiari, na kuweka kwenye mkataba kipengele cha mtoto aliyeumia. Wangeweza kuzipangia timu za ECNL na GA za mji mmoja mechi za ligi zinazohesabika, hata nne tu kwa msimu, zichezwe Jumamosi asubuhi kwenye uwanja unaofikika kwa baiskeli. Hadi sasa hakuna tangazo la pamoja lililotolewa juu ya hayo.